Hamira na Pia ya Goti

Mwaka 1959 daktari Meier na mwenzake Rothschild walichapisha habari za mgonjwa mmoja. Mwaka 1975 Robert Gorlin, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa huko Minnesota, Marekani, akaeleza habari za mwingine. Watu wenye maradhi haya ni wafupi sana, masikio yao ni madogo, na pia ya goti ama ni ndogo ama haipo kabisa. Akili zao kwa kawaida hazina kasoro. Kwa desturi ya udaktari maradhi yakapewa majina ya waliyoyaandika, Meier-Gorlin, lakini chanzo chake hakikujulikana kwa zaidi ya miaka 50.

Kumbe jibu lilikuwa likitafutwa kwenye hamira. Ndiyo, hii hii ya maandazi. Seli ya hamira, kama yako, hunakili DNA yake yote kabla ya kugawanyika, na kazi hiyo haianzi ovyo. Mwaka 1963 François Jacob, Sydney Brenner na François Cuzin, wakichunguza bakteria, walipendekeza kwamba lazima kuwe na kitu kinachoshika mahali maalumu kwenye DNA na kuamuru kazi ianze. Mwaka 1992, katika maabara ya Cold Spring Harbor, Stephen Bell na Bruce Stillman wakakikamata kwenye hamira: protini sita zilizoshikana, wakaziita ORC. Binadamu naye anazo. Ya kwanza hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ORC1, iliyoko kwenye kromosomu namba 1.

DNA yetu ina herufi kama bilioni 3. Kama kila kromosomu ingenakiliwa kuanzia sehemu moja tu, kazi ingechukua wiki kadhaa; seli huanzia sehemu maelfu kwa maelfu na kumaliza kwa saa chache.

Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa Edinburgh, walikuta hitilafu kwa wagonjwa wa Meier-Gorlin kwenye ORC1, ORC4, ORC6, CDT1 na CDC6. Zote ni jeni za kuanzisha unakili. Hitilafu hizo haziui seli, huzichelewesha tu, na tumboni kuchelewa ni ghali: mwili huishia kuwa na seli chache.

Mimi navutiwa zaidi na wazazi. Wao ni wazima, kila mmoja akiwa na nakala moja nzuri ya jeni na moja mbovu. Leo mama akiuliza kuhusu mimba ijayo, hajibiwi kwa minong'ono juu ya alichokula au alichokosea. Anaambiwa: nafasi 1 kati ya 4.