INTEL: FAIDA YA LEO ILIPOZIBA MACHO

Leo tuitazame kampuni ambayo wengi wetu tumeona kibandiko chake kwenye kompyuta: Intel ya Marekani.

Ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. Riziki yake kubwa ya mwanzo ilikuwa chipu za kumbukumbu. Miaka ya 1980 Wajapani wakazitengeneza kwa ubora zaidi na bei nafuu, hasara ikabisha hodi. Mwaka 1985 Andy Grove, rais wa kampuni, akamuuliza Moore: tukifukuzwa sisi, mkuu mpya atafanya nini? Moore akajibu, ataachana na chipu za kumbukumbu. Grove akasema, basi kwa nini tusifanye hivyo wenyewe? Wakaiacha bidhaa iliyowalea, wakashika prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.

Uamuzi ule mchungu ndio uliowapa ufalme. Kwa miaka mingi kompyuta nyingi duniani zikawa na ubongo wa Intel.

Sasa zingatieni. Apple ilipotaka chipu ya iPhone, Intel ilikataa. Paul Otellini, aliyekuwa mkuu wake, alieleza mwaka 2013 kwamba bei waliyopewa ilikuwa chini ya gharama walizokadiria. Kumbe makadirio yenyewe hayakuwa sahihi, na simu zikauzwa kupita alivyodhani yeyote.

Kisha viwanda vikachelewa. Chipu za nanomita 10, zilizotarajiwa karibu mwaka 2016, zikatoka kwa wingi 2019. TSMC ya Taiwan, ambayo kazi yake ni kutengeneza chipu za wateja wengine, ikawapita. Mwaka 2020 Apple ikaanza kuondoa prosesa za Intel kwenye kompyuta zake.

Mwaka 2024 Intel ilipata hasara ya dola bilioni 18.8 hivi na kutangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000. Novemba ikatolewa kwenye orodha ya Dow Jones, ilimokuwa tangu 1999. Nafasi yake ikachukuliwa na Nvidia.

Ndugu yangu, mwaka 1985 hasara iliwalazimisha kujiuliza swali gumu. Faida ya baadaye ikawasahaulisha kuuliza. Dhiki humwamsha mtu. Raha ndiyo mtihani mzito.

Kama duka lako linauza, kama kazi yako inakulipa, jiulize leo: angekuja mtu mpya mahali pangu, angebadilisha nini kwanza? Libadilishe wewe, kabla hajaja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.