Waswasi: Je, Mtaalamu Anatuharibia Ibada?

Ramadhan ikiingia, huku kwetu Kericho na Bomet yuko kijana anayeamka na baridi ya majani chai, anatawadha, anatawadha tena, mpaka watu wanamaliza sala ya Alfajiri yeye bado yuko mferejini. Akimeza mate anaogopa saumu imebatilika. Madaktari wanauita ugonjwa huu OCD. Sisi tunaujua kwa jina la waswasi.

Akipelekwa kliniki, mtaalamu, ambaye pengine si Muislamu, atamwambia: tawadha mara moja, uondoke, hata moyo ukisema bado. Hapo shaka nyingine inazuka. Je, huyu anatibu au anaharibu dini yangu? Swali ni la haki, basi tuiulize historia.

Sababu ya kuwashuku madaktari wa akili ilikuwepo. J. C. Carothers, aliyekuwa daktari mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika juu ya akili ya Mwafrika, na Shirika la Afya Duniani likachapisha mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo sehemu ya mbele. Dharau ya kikoloni ilivaa koti jeupe ikaitwa elimu.

Lakini tiba hii ya "mara moja tu" ina asili nyingine. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza jinsi wanawake wawili walivyotibiwa. Mmoja alikuwa hawezi kuacha kuosha. Wauguzi walimsimamia asioshe, hata maji ya chumbani yakafungwa. Wote wawili walipata nafuu. Siri yake ni kwamba hofu isipotiiwa hupanda, kisha hushuka yenyewe.

Na wanazuoni wetu walitangulia. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi, na waswasi akautengea mlango wake. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, anasimulia habari ya mtu aliyemwendea Ibn Aqil wa Baghdad akilalamika kuwa hujizamisha majini mara nyingi na bado anashuku kama josho limesihi. Akaambiwa aende zake, sala imemwondokea, kwani anayezama majini kisha akashuku kama amerowa ni sawa na mwendawazimu, na mwendawazimu haandikiwi. Jawabu ni kali, lakini shekhe aliona wazi kuwa mtu yule hakuhitaji maji zaidi. Mtume (S.A.W.) naye alimfundisha mwenye shaka ndani ya sala asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu.

Kwa hivyo, kijana, muulize mtaalamu wako: lengo ni nini, hatua ni zipi, tunakwenda kwa mwendo gani? Akikutaka uache sala au ule mchana wa Ramadhan ili ujizoeze, kataa na umweleze sababu. Tiba inawezekana bila hayo. Kwa jambo la fiqhi, muulize imamu mara moja, ushike jawabu. Ukirudi kuuliza lile lile kesho na keshokutwa, swali lenyewe limekuwa udhu wa pili, na waswasi umepata mlango mpya.

Nanyi wazazi, msimcheke wala msimwite mtoto huyu mvivu. Mpelekeni akatibiwe, na mumsindikize.

Wallahu a'lam. Saumu maqbul.