London na Paris: Mji upi ni mkubwa?



Katika Ulaya iko miji mikuu miwili ambayo watu hupenda sana kuifananisha: London, mji mkuu wa Uingereza, na Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Swali lao ni moja tu: mji upi ni mkubwa? Mwenye kujibu upesi hufungua kitabu cha hesabu, akaona ya kuwa mwaka 2021 London ilikuwa na wakaaji 8,800,000 kadiri, na Paris 2,100,000 kadiri. Basi husema: London yaishinda Paris mara nne, maneno yamekwisha.

La, hayajakwisha. Mtu akitaka kuhesabu watu wa nyumba, yampasa kwanza kujua ua wa nyumba ile unaishia wapi.

Tuangalie ukubwa wa nchi yenyewe. Paris inakaa juu ya kilometri za mraba 105, pamoja na misitu yake miwili, Boulogne upande wa magharibi na Vincennes upande wa mashariki. London inakaa juu ya kilometri za mraba 1,572. Maana yake, Paris kumi na tano kadiri zingeenea ndani ya London moja. Sasa tugawanye watu kwa nchi. Katika London, kila kilometri ya mraba ina watu 5,600 hivi. Katika Paris ina watu 20,000. Kumbe mji unaoitwa mdogo ndio uliojaa watu kuupita ule mkubwa! Jambo hili latoka wapi? Latoka katika historia ya mipaka.

London ya zamani, ile iliyozungukwa na ukuta tangu wakati wa Warumi, ingali ipo hata leo, nayo huitwa City of London. Haifiki kilometri za mraba 3, na mwaka 2021 waliokaa humo walikuwa 8,600 tu. Kama tungeushika mpaka ule wa kale, London ingekuwa kijiji. Lakini watu walitoka nje ya ukuta tangu zamani. Njia za gari moshi zilipoanza kuingia mjini mwaka 1836, na ile ya chini ya ardhi ilipofunguliwa mwaka 1863, mtu aliweza kufanya kazi katikati ya mji na kulala mbali, katika nyumba fupi yenye bustani ndogo nyuma. Serikali ilifuata nyuma ya watu: mwaka 1889 ikaweka jimbo la London, na mwaka 1965 ikapanua mipaka tena, hata ikafika ilipo leo. Huko watu walitangulia, mpaka ukafuata.

Paris ilikwenda njia nyingine. Mji ule ulifungwa kwa kuta, moja baada ya nyingine. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789 ulianza kujengwa ukuta wa kodi, ili vyakula na vinywaji viingiavyo mjini vilipiwe ushuru mlangoni. Tangu 1841 ukajengwa mwingine nje zaidi, nao ulikuwa wa vita. Tarehe 1 Januari 1860, Kaisari Napoleon III aliviingiza mjini vijiji vilivyokuwa katikati ya kuta hizo mbili, kama Montmartre na Belleville, na mitaa mikubwa ya Paris ikawa 20, badala ya 12. Tangu siku ile mpaka haukusogea sana. Ukuta wa vita ulianza kubomolewa mwaka 1919, lakini mahali pake ikapita barabara kubwa ya kuuzunguka mji, iliyomalizika mwaka 1973. Ukuta umekwenda, mpaka umebaki.

Na mpaka si mstari wa kalamu tu. Mwaka 1921 Paris ilikuwa na watu 2,900,000. Tangu hapo wamepungua. Je, watu wameukimbia mji? Hapana. Wengi wanakaa ng'ambo ya barabara ile, ambako kodi ya nyumba ni nafuu. Asubuhi huingia Paris kufagia, kupika, kuuguza wagonjwa na kuandika katika maofisi. Jioni hurudi kwao, wakahesabiwa kuwa watu wa mji mwingine, wenye baraza lake na hazina yake. Basi yawezekana mji tajiri na mji maskini kutengwa na barabara moja. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 Paris na miji jirani iliunganishwa katika baraza moja kubwa, lenye watu milioni 7 kadiri juu ya kilometri za mraba zaidi ya 800. Tukifananisha London na Paris ile, tofauti yao ni ndogo sana kuliko ile ya kitabu.

Labda mtu atasema: hesabu hizi zina faida gani? Tumjibu kwa habari ya kipindupindu. Mwaka 1832 ugonjwa huo uliua katika Paris watu zaidi ya 18,000. London nayo ilipigwa mara kwa mara. Mwaka 1854 daktari John Snow alihesabu wafu wa mtaa mmoja wa London, nyumba kwa nyumba. Akaona wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja, cha Broad Street. Hakutosheka na jumla ya wafu. Aliuliza walikaa wapi na walichota wapi. Kwa kuuliza hivyo aliona maji ndiyo yaliyoleta kifo.

Basi, wasomaji, tukisikia mji huu una watu kadha wa kadha, tuulize mambo mawili: mwaka gani, na mpaka upi? London ni kubwa kuliko Paris, ndiyo. Lakini si mara nne, ila kwa mwenye kusahau wale waliolala nje ya mpaka. Na mtu aliyesahauliwa katika hesabu husahauliwa pia siku ya kugawa maji, shule na njia.