Mipaka Isiyoandikwa: Mashindano ya Programu na Kazi ya Kila Siku

Mashindano ya kuandika programu za kompyuta hupima mambo mawili yaliyo wazi, yaani usahihi wa jibu na muda uliotumika, na kwa sababu hiyo baadhi ya waajiri huyachukulia kuwa kipimo tosha cha umahiri. Katika ICPC, mashindano ya kimataifa ya vyuo vikuu ambayo chimbuko lake ni shindano lililofanyika Texas, Marekani, mwaka 1970, timu ya watu watatu hupewa kompyuta moja na saa tano za kutatua maswali ambayo kila moja huja na mipaka yake: wingi wa data zitakazoingizwa, muda unaoruhusiwa na ukubwa wa kumbukumbu. Tofauti kubwa kati ya ulingo huo na kazi ya kila siku imo katika mipaka hiyo, ambayo mshindani huipokea lakini mtengenezaji wa programu hulazimika kuitafuta.

Si haki kuyabeza mashindano. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu, yaani njia ya kutafuta kitu katika orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kila hatua, ulikuwa na kasoro katika lugha ya Java kwa miaka kadhaa, kwa kuwa jumla ya namba mbili iliweza kuvuka 2,147,483,647, namba kubwa kabisa inayoingia katika nafasi ya biti 32 inayobeba pia namba hasi. Ukomo huo unaigusa moja kwa moja wilaya ya kahawa kama Mbinga, kusini mwa Tanzania: kwa bei ya mfano ya shilingi 8,000 kwa kilo, tani 269 tu zinatosha kuuvuka, na programu isiyoujali, jumla ikigeuka kuwa hasi, inaweza kumwonyesha mhasibu wa ushirika deni mahali penye mapato. Mshindani aliyezoea kusoma mipaka kabla ya kuandika mstari wa kwanza huiona hatari hiyo upesi, na huo ni ujuzi wa kweli.

Lakini hakuna anayemwandikia mtengenezaji mipaka ya ghala la chama cha msingi cha ushirika. Karani anapopima gunia la mkulima na kubonyeza kitufe cha kutuma huku mtandao ukisuasua, hajui kama taarifa zimefika, hivyo hubonyeza tena, na gunia moja huandikwa mara mbili. Dawa yake ni nyepesi: kila mzigo upewe namba ya pekee kwenye simu kabla ya kutumwa, ili seva ikiipokea mara ya pili iitambue na isiongeze kitu. Ugumu uko katika kujua kwamba dawa inahitajika. Ndivyo ilivyo pia kwa majina, kwani huko Umatengoni, yaani nchi ya Wamatengo wilayani Mbinga, ambako Ndunguru, Kapinga na Mbunda ni majina ya watu wengi, programu inayomtambua mkulima kwa jina itachanganya malipo, hata utafutaji wake uwe wa kasi kiasi gani.

Kwa hiyo usaili unaotegemea mafumbo ya mashindano pekee humpima mwombaji katika sehemu ya kazi ambayo mtu mwingine amekwisha kuirahisisha. Ingefaa mwanafunzi apelekwe ghalani wakati wa mavuno, aandike swali lenyewe pamoja na mipaka yake, ndipo aruhusiwe kulijibu. Akiteremka hadi Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, atakuta usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wakiuzwa kwa ndoo, na programu aliyoitengeneza kwa mizani ya kahawa itamlazimu aanze upya kwa kuuliza ndoo ni ya ukubwa gani, na ni nani mwenye kauli ya mwisho kwamba imejaa.