Triathloni ya masafa marefu: Kwa nini wepesi wa miguu pekee hautoshi

KATIKA nchi ambayo jina lake limevuma duniani kwa sababu ya mbio, si ajabu kumsikia mtu aliyekamilisha marathoni akijigamba kwamba triathloni ya masafa marefu haimtishi. Hoja yake ni nyepesi: ikiwa mashindano hayo humalizikia kwa marathoni, ni nani atakayemtisha Mkenya kwa marathoni?

Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa. Mshiriki hafiki kwenye marathoni hiyo akiwa na miguu aliyoamka nayo. Huifikia baada ya kuogelea kilomita 3.8 na kuendesha baiskeli kilomita 180. Kwa hivyo, swali si jinsi anavyoweza kukimbia, bali ni kiasi gani cha nguvu alichobakiza cha kukimbilia.

Hili ndilo jambo ambalo mwanaspoti wa kawaida, yaani yule anayefanya kazi yake ya kila siku na kujifua kwa wakati wake mwenyewe, anapaswa kulielewa kabla ya kununua hata miwani ya kuogelea.

Asili ya mashindano

Mashindano ya kwanza ya masafa haya yalifanyika katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mnamo Februari 18, 1978. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani, pamoja na mkewe Judy, waliunganisha mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika kisiwani humo: kuogelea baharini Waikiki, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli na marathoni ya Honolulu. Nia ilikuwa kumaliza ubishi kuhusu nani aliye imara zaidi kati ya mwogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji.

Walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Gordon Haller aliibuka mshindi kwa muda wa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. John Dunbar, aliyeanza marathoni akiwa mbele ya Haller, aliishia nambari mbili. Masimulizi ya siku hiyo husema kuwa wasaidizi wake waliishiwa na maji njiani, wakampa bia badala yake.

Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, ilidhihirika kwamba mashindano haya yanaweza kumponyoka mtu mwenye nguvu kwa sababu ya jambo dogo kama chupa ya maji.

Jina la Ironman, lililozaliwa Hawaii, leo ni nembo ya kibiashara. Hata hivyo, masafa hayo huandaliwa pia na wengine, mathalani katika mji wa Roth nchini Ujerumani. Yako pia masafa ya nusu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na mbio kilomita 21.1. Triathloni ya Olimpiki, iliyoingizwa katika michezo ya Sydney mwaka 2000, ni fupi zaidi: kilomita 1.5, 40 na 10.

Barani Afrika, Afrika Kusini imeandaa mashindano ya masafa kamili katika jiji la Gqeberha, lililoitwa Port Elizabeth hapo awali. Karibu zaidi na nyumbani, mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, uliandaa yale ya nusu mwaka 2022.

Hesabu ya siku nzima

Aghalabu mshiriki hupewa saa 17 kumaliza. Akiingia majini saa 1 asubuhi, mlango hufungwa saa 6 usiku.

Chukua mfano wa mshiriki wa wastani. Akiogelea kila mita 100 kwa dakika 2 na sekunde 30, atatoka majini baada ya dakika 95. Akiendesha baiskeli kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, atatumia saa 7 na dakika 12. Akikimbia kila kilomita kwa dakika 7 na nusu, marathoni itamchukua takriban saa 5 na dakika 16. Ukimwongezea dakika 20 za kubadilisha mavazi na vifaa, jumla ni saa 14 na dakika 23. Nusu ya muda huo ameupitisha juu ya baiskeli.

Sasa tuseme ameingiwa na pupa, akaendesha kwa kasi ya kilomita 28 kwa saa. Ataokoa dakika 46. Lakini iwapo kasi hiyo imezidi uwezo wake, miguu ikamgomea na akalazimika kutembea marathoni yote kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, atatumia saa 7 na dakika 2. Ameokoa dakika 46 na kupoteza saa 1 na dakika 46. Hasara ni saa nzima.

Hesabu hii ndiyo msingi wa mazoezi yote yanayofuata.

Maji kwanza

Kwa wengi wetu, kizingiti cha kwanza ni maji. Kilomita 3.8 ni sawa na kukata kidimbwi cha mita 50 mara 76, au kile cha mita 25 mara 152. Anayeanza hana budi kutafuta kocha, kwani katika kuogelea mbinu hushinda misuli. Mkimbiaji mwenye mapafu mapana huchoka upesi majini kwa kuwa miguu yake huzama na kichwa chake huinuka. Ajifunze kwanza kulaza mwili juu ya maji, kutoa pumzi taratibu uso ukiwa ndani ya maji, na kuvuta pumzi kwa kugeuza kichwa kando.

Kidimbwi pekee hakitoshi. Kwenye maji wazi hakuna mstari chini wa kumwongoza mtu, na washiriki hugongana mikono na miguu. Wakazi wa Pwani wanafahamu kuwa bahari hutulia zaidi wakati wa kaskazi kuliko wakati wa kusi, na kwamba maji yanapokupwa mkondo unaweza kumvuta mtu nje. Muulize mvuvi kabla ya kuingia. Kwa walio karibu na Ziwa Victoria, kuna suala la viboko, mamba na ugonjwa wa kichocho.

Popote pale, usiogelee peke yako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulibaini kuwa kati ya watu 14 waliofariki katika triathloni nchini humo kuanzia Januari 2006 hadi Septemba 2008, 13 walifia katika kuogelea. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na maelfu walioshiriki, lakini inaonyesha wazi hatari iko wapi. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, shinikizo la damu, au aliyewahi kuhisi maumivu ya kifua au kuzimia akifanya mazoezi, amwone daktari apimwe moyo kabla ya lolote.

Baiskeli, shule ya subira

Si lazima baiskeli iwe ya bei ghali. Ya mitumba inayokutosha, yenye gia na breki zinazofanya kazi, itakuvusha salama kuliko mpya isiyolingana na kimo chako. Kiti kiwe kwenye urefu ambao goti linabaki limekunjika kidogo kanyagio linapofika chini. Kiti cha chini mno huumiza magoti, na cha juu mno hukufanya uyumbishe nyonga.

Jifunze kuziba pancha na kurudisha mnyororo mwenyewe. Kwenye mashindano msaada wa mtu wa nje haukubaliwi. Kofia ngumu lazima ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, nayo mashindano mengi ya masafa marefu hukataza kujikinga upepo nyuma ya mwenzako. Nafasi inayotakiwa kati ya washiriki wa kawaida aghalabu ni mita 12.

Barabara zetu ni hatari nyingine. Matatu haimsubiri mtu, seuze lori. Waendeshaji wa Nairobi aghalabu hutoka alfajiri mwishoni mwa wiki, kabla magari hayajazidi, na wengi hupenda barabara ya Magadi inayoteremka hadi Bonde la Ufa. Hata huko, wakumbuke kwamba mteremko wa asubuhi ni mlima wa adhuhuri, tena katika joto kali. Waende kwa makundi, taa zikiwaka na mavazi yakionekana.

Kipimo cha kasi ni rahisi: katika safari ndefu uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa, punguza. Kwenye mlima, badilisha gia mapema na uache miguu izunguke kwa wepesi.

Ratiba ya wiki

Kwa mtu ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 10 na kuogelea kidogo, maandalizi ya miezi 9 hadi 12 ni ya busara. Ufuatao ni mfano wa wiki ya katikati ya maandalizi.

Jumatatu: Mapumziko.

Jumanne: Kuogelea dakika 60 asubuhi, mbio dakika 45 jioni.

Jumatano: Baiskeli dakika 75.

Alhamisi: Kuogelea dakika 60, mazoezi ya kuimarisha mgongo na nyonga dakika 30.

Ijumaa: Mbio dakika 60.

Jumamosi: Baiskeli dakika 210, kisha mbio dakika 20 papo hapo.

Jumapili: Mbio dakika 90 asubuhi, kuogelea polepole dakika 45.

Jumla haifiki saa 12. Miezi inavyosonga, baiskeli ya Jumamosi huongezwa hadi saa 5 au 6, na mbio za Jumapili hadi saa 2 na nusu. Ongezeko liwe dogo, na baada ya kila wiki 3 za kuongeza, ya nne iwe ya kupunguza. Wiki 2 au 3 kabla ya mashindano, punguza sana muda wa mazoezi. Nguvu hujengeka wakati wa kupumzika.

Zile mbio za Jumamosi baada ya baiskeli zina maana kubwa. Anayeshuka kwenye baiskeli huhisi miguu yake kama ya kuazima. Dakika 20 za kila wiki humfundisha mwili wake kuvuka daraja hilo, na humfundisha yeye mwenyewe kuanza polepole.

Aidha, sehemu kubwa ya mazoezi haya, pengine thuluthi mbili au zaidi, iwe mepesi. Hapa ndipo wakimbiaji wetu hukosea. Wamezoea kushindana kila wanapokutana barabarani, na maumivu ya muundi au ya kisigino huwakalisha nyumbani mwezi mzima. Mazoezi ya wastani yasiyokatizwa yana faida kuliko ya kishujaa yanayokatizwa na jeraha.

Chakula na maji

Akiba ya wanga mwilini haiwezi kumpeleka mtu saa 14. Washiriki wengi hulenga kula gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa wakiwa kwenye baiskeli. Ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 25, kwa hivyo gramu 60 ni sawa na ndizi 2 na nusu kwa saa. Tende, viazi vitamu vilivyochemshwa na vinywaji vyenye sukari hufaa pia. Tumbo nalo lifanyiwe mazoezi: usile siku ya mashindano kitu ambacho hujakijaribu katika safari zako ndefu.

Maji yana hatari pande zote mbili. Kuyakosa hudhoofisha, lakini kuyanywa kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na kunaweza kuua. Kunywa kwa kiasi unachotokwa na jasho, na uongeze chumvi. Njia nyepesi ya kujua ni kujipima uzani kabla na baada ya mazoezi: ukirudi umepungua sana, ulikunywa kidogo, ukirudi umeongezeka, ulizidisha. Mkazi wa nyanda za juu anayekwenda kushindana kwenye joto ajipe siku 10 hadi 14 za kulizoea.

Ushahidi wa umuhimu wa haya ni Julie Moss, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeshiriki Hawaii mnamo Februari 1982 kwa ajili ya utafiti wa masomo yake. Alikuwa akiongoza wanawake, lakini hatua chache kabla ya mwisho mwili ulimwishia nguvu, akaanguka. Kathleen McCartney akampita, naye Moss akatambaa hadi mstarini akawa wa pili. Picha zake za televisheni ziliusambaza mchezo huu duniani. Wengi waliona ujasiri. Anayejiandaa aone pia mwili uliokaukiwa na akiba.

Nyumba nayo

Saa 12 kwa wiki hutoka mahali fulani. Aghalabu hutoka kwenye usingizi au kwa jamaa. Zikitoka kwenye usingizi, mazoezi hayatamfaa mtu. Zikitoka kwa jamaa bila makubaliano, nyumba italalamika. Ni heri kuketi na mke au mume mapema, kuonyesha ratiba na kutaja siku ambayo haitaguswa na mazoezi. Mwaka wenye mtoto mchanga, mtihani au kazi mpya huenda ukawa wa masafa ya nusu tu, na hilo si aibu.

Mchezo huu haumkimbii mtu. Chrissie Wellington wa Uingereza alikuwa mtumishi wa serikali aliyeshinda ubingwa wa dunia wa wasiolipwa mwaka 2006, na mwaka uliofuata akashinda Hawaii. Mtawa Madonna Buder wa Marekani alikamilisha masafa haya Canada mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 82. Mjapani Hiromu Inada alikamilisha yale ya Hawaii mwaka 2018 akiwa na miaka 85.

Yule kijana wetu wa marathoni, basi, asikate tamaa. Miguu yake ni mtaji mkubwa. Ila ajue kwamba siku hiyo mtaji huo hutumika mwisho, na atakayekuwa nao jioni ni yule aliyejizuia kuutumia asubuhi.