Makindu yatimiza karne: Kitabu kilichogombewa tafsiri

Madereva wanaoleta shehena Munuki, mjini Juba, kutoka bandari ya Mombasa hupita Makindu, nchini Kenya, kabla hawajaiona Malaba wala Nimule, na wengi wameshakula bure katika hekalu la Makalasinga, yaani Masikh, lililo kando ya barabara. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926 na mwaka 2026 linatimiza miaka 100. Sifa za chakula chake zimefika hadi Juba. Kitabu kinachoufundisha ukarimu huo hakitajwi sana, na hilo linanisikitisha.

Kitabu hicho ni Guru Granth Sahib, nayo ina kurasa 1,430. Guru Arjan aliikusanya mwaka 1604, akatia humo hata tungo za Sheikh Farid, Mwislamu. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh aliagiza kwamba baada yake asiwepo guru, yaani mwalimu wa kiroho, aliye mwanadamu; kitabu ndicho kiwe Guru. Mafundi wa Punjab walioijenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896 wakaja na imani hiyo.

Kwa kuwa Guru ni kitabu, anayekifasiri vibaya amemsingizia Guru mwenyewe. Tena nakala za kale ziliandikwa maneno yakiwa yameungana mstari mzima, na ukikata neno mahali pasipo pake, maana inageuka. Ndiyo maana wapo magiani, wasomi wanaorithishana maana kwa mdomo.

Mjerumani Ernest Trumpp, mmisionari aliyeajiriwa na serikali ya Uingereza, hakuwathamini. Alifika Punjab mwaka 1870, akadai kwamba wasomi wa Amritsar hawakielewi kitabu chao. Masikh wamesimuliana vizazi na vizazi kwamba aliwasha sigara mbele ya kitabu hicho, ilhali kwao tumbaku ni mwiko. Tafsiri yake ya mwaka 1877, ambayo hata haikukimaliza kitabu, ilijaa dharau, ikawachoma mno.

Aliyelitibu jeraha hilo ni Max Arthur Macauliffe. Aliacha kazi ya serikali ya Uingereza huko India mwaka 1893, akaketi na msomi wa Kisikh Kahn Singh wa Nabha, akawapa magiani tafsiri yake waikague na kuisahihisha. Juzuu zake 6 zilitoka mwaka 1909. Namheshimu sana kwa subira hiyo.

Waswahili tunaujua ugomvi wa namna hii. Padri Godfrey Dale alitoa Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, akatia maelezo yaliyowaudhi Waislamu. Mwaka 1953 ikaja ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya, nayo ikapingwa vikali, na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akakamilisha yake.

Siku hizi Masikh vijana wengi huifuata tafsiri ya Kiingereza kwenye skrini, beti zikipita haraka. Naona wanapunjika, maana giani yumo ukumbini humohumo, na ibada ikiisha wangeweza kumwendea na maswali yao.