Muhugu Hauhesabiwi kwa Miche: Hoja kuhusu Msitu wa Ngong Road

Msitu wa Ngong Road, magharibi mwa Nairobi, ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932 ukiwa na hekta zipatazo 2,900. Sasa umebaki na hekta 1,224 hivi. Anayetoka Adams Arcade kufuata barabara ya Ngong kupitia Dagoretti Corner huwa amekwisha kupita kando ya ardhi iliyokuwa ya msitu kabla hajauona mti wake wa kwanza. Viwanja vya maonyesho vya Jamhuri, shule ya Lenana na uwanja wa mbio za farasi vyote vimechukua sehemu yake, na barabara ya Southern Bypass imepasua kilichosalia. Ni msitu mkavu wa nyanda za juu, wenye mihugu, mitamaiyu na mikinduri, miti ambayo ilikuwapo kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899.

Mjadala wa kulinda misitu ya aina hii huelekezwa sana kwenye msumeno, na si bila sababu. Hata hivyo, hekta zilizopotea hapa zilipotea zaidi kwa kalamu. Ardhi ikishaondolewa katika hifadhi kwa tangazo la Gazeti Rasmi, anayekata miti juu yake si mhalifu tena bali ni mwenye hatimiliki. Karura, msitu ndugu upande wa kaskazini wa jiji, uliponea hapo hapo: viwanja vyake vilikuwa vimegawiwa wajenzi, na mwezi Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi wa kukodiwa walipokwenda kupanda miti. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa takriban hekta 67,000 za misitu nchini. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zilifunga mlango huo kwa kudai idhini ya Bunge. Mswada wa 2021 ulijaribu kuulegeza. Ulipingwa vikali na haukupita.

Kuzuia ugawaji wa ardhi, lakini, hakutoshi. Msitu unaweza kubaki na mipaka yake yote na bado ukafilisika ndani. Muhugu, ambao wanabotania huuita Brachylaena huillensis, unaonyesha jinsi inavyotokea. Mbao zake ni nzito, hazioliwi na mchwa kwa urahisi, na zina harufu nzuri. Kwa hiyo zilitafutwa kwa vigingi vya ua, kwa vipande vya kusakafia nyumba, na kuliko yote kwa vinyago. Wachongaji wa Kikamba waliujenga ufundi wao mkubwa juu ya muhugu na mpingo. Mti wenyewe hukua polepole mno. Mihugu ya kiume na ya kike ni miti tofauti, mbegu nyingi huharibiwa na wadudu, na zinazobaki huota kwa shida. Shina mara nyingi limepinda au lina uwazi ndani, hivyo mkataji huchagua ile michache iliyonyooka na minene, yaani mizazi bora. Mti mmoja mkubwa wa kike ukiondolewa, eneo lote linaloutegemea kwa mbegu hudhoofika, ilhali kwa anayepita barabarani msitu ni ule ule wa kijani.

Ukataji wa namna hii hujificha. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipopeleka ndege juu ya Mlima Kenya, uchunguzi wake ulihesabu takriban miti 6,700 ya kafuri, inayoitwa pia muthaiti, iliyokatwa ndani ya msitu ambao kwenye ramani ulikuwa mzima. Mwaka uliofuata msitu huo ulikabidhiwa shirika hilo.

Hapa ndipo kipimo kinachotumiwa na taifa kinapokosa shabaha. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya eneo la nchi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilitoa asilimia 12.13 kwa miti yote, na 8.83 kwa misitu. Kwa kipimo cha kwanza lengo limepitwa. Mikaratusi ya shambani imeingia katika hesabu sawa na mutamaiyu wa karne nzima, na mpango uliozinduliwa Desemba 2022 wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 unapimwa kwa miche. Kupanda ni jambo jema. Lakini miche haiwezi kulipa deni la muhugu uliokatwa jana, na afisa anayetathminiwa kwa idadi ya miche hana sababu kubwa ya kuhangaikia mti mmoja mkongwe.

Marufuku nayo yamekuwa butu vivyo hivyo. Katazo la Februari 2018 lilisimamisha ukataji katika misitu yote ya umma, ya asili na ya kupandwa, na jopo lililoundwa wakati huo liliripoti ufisadi uliokita mizizi katika usimamizi wa misitu. Kwa misitu ya asili, katazo lilihitajika. Kwa mashamba ya saiprasi na misonobari yaliyopandwa ili yavunwe, liliziba chanzo halali cha mbao bila kupunguza hamu ya wanunuzi. Mafundi wanaopanga vitanda na makochi kando ya Ngong Road hawakufunga karakana. Mbao ziliendelea kuja kutoka nje, zikiwamo za misitu ya Kongo zinazopitia Uganda. Msitu wa Kenya unaolindwa kwa gharama ya msitu mkongwe wa Ituri huko Kongo ni ushindi wa mashaka. Rais alipotangaza Julai 2023 kwamba katazo limeondolewa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilisitisha hatua hiyo kwa muda, na mjadala ukarudi pale pale: ndiyo au hapana kwa miti yote.

Njia yenye manufaa zaidi ni kutenganisha. Mashamba ya kupandwa yavunwe kwa ratiba na mnada wa wazi, ili fundi apate mbao zenye stakabadhi. Msitu wa asili uondolewe kabisa katika biashara ya mbao, na miti yake mikubwa ya spishi adimu iorodheshwe mmoja mmoja, ili upotevu uonekane kabla haujafika maelfu. Wachongaji wamekwisha kuonyesha kwamba soko huhama likipewa mbadala: muhugu ulipoadimika, wengi waligeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda, na vinyago vikaendelea kuuzika. Karura nako, chini ya ushirikiano wa Huduma ya Misitu na wakazi, mikaratusi iliyopandwa enzi za ukoloni inaondolewa hatua kwa hatua na miti ya asili kurudishwa, huku viingilio vya wageni vikichangia ulinzi. Msitu wa Ngong Road unapakana na mtaa wa Kibera, ambako kuni ni hitaji la kila siku. Viingilio pekee havitaulinda msitu huo bila nishati nafuu ya kupikia kwa majirani zake.